Pikipiki ya Manx Norton na Mafundi Wake

Manx Norton ni pikipiki ya mbio ya silinda moja iliyoundwa Birmingham, Uingereza, katika kiwanda cha Norton kilichokuwa mtaa wa Bracebridge. Ilitoka kwa saizi mbili, cc 350 na cc 500, na ilikuwa sokoni tangu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haina taa, haina honi, haina kiki. Anayetaka kuiwasha huisukuma huku akikimbia, kisha huirukia inapoanza kukohoa. Baadhi ya viwanda vya zama hizo vilikuwa na pikipiki za mbio zenye kasi zaidi, lakini vilizifungia ndani. Zilipandwa na madereva wa kulipwa, zikafunguliwa na mafundi wa kiwanda tu. Manx ilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mtu yeyote mwenye fedha, awe wa Leeds, wa Sydney au wa Bulawayo, aliweza kuiagiza, na ilipomfikia hakuwa na fundi wa kiwanda wa kumwita. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua hatima yake. Pikipiki iliyoundwa ili mwenyewe aweze kuifungua na kuifunga kwa mikono yake bado inakimbizwa zaidi ya miaka sitini baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza.

Jina Manx ni la watu na vitu vya Kisiwa cha Man, kilicho katikati ya bahari inayotenganisha Uingereza na Ireland. Kisiwa hicho kina bunge lake, Tynwald, na mbio zilifika huko kwa sababu ya sheria. Uingereza bara ilikuwa na sheria ya mwaka 1903 iliyoweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na hakuna aliyeruhusiwa kufunga barabara ya umma ili watu washindane. Mwaka 1904 Tynwald ilipitisha sheria yake ya kuruhusu barabara zifungwe. Magari yalitangulia. Pikipiki zilifuata tarehe 28 Mei 1907, katika barabara za vumbi za St John's, kwa mashindano yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa herufi mbili, TT. Upande wa pikipiki za silinda moja alishinda Charlie Collier kwa Matchless iliyotengenezwa na familia yake. Upande wa silinda mbili alishinda Rem Fowler kwa Norton iliyofungwa injini ya Peugeot kutoka Ufaransa. Fowler alisimama njiani mara kadhaa kubadili plagi na kurekebisha mkanda wa kuendeshea gurudumu, na tairi la mbele likampasukia akiwa katika mwendo. Yote hayo aliyatengeneza mwenyewe kando ya barabara, akaendelea, akashinda. Norton ya kwanza kushinda TT, basi, ilishindishwa na spana sawasawa na ilivyoshindishwa na kasi.

Mwaka 1911 mashindano yalihamishiwa kwenye njia ndefu ya milimani. Mzunguko wake mmoja ni karibu kilomita 60. Hupita vijijini katikati ya kuta za mawe, kisha hupanda ubavuni mwa mlima Snaefell hadi zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka tena mjini Douglas. Pikipiki za mkanda mmoja zisizo na gia hazikuweza mlima huo. Kampuni ya Indian ya Marekani, iliyokuja na cheni na gia, ilichukua nafasi tatu za kwanza katika mbio kubwa za mwaka huo, na Waingereza wakaenda kujifunza upya. Tangu hapo njia ya Snaefell ndiyo iliyoamua umbo la pikipiki ya mbio ya Uingereza: iwe imara kwenye matuta, iweze kuvuta mlimani, na idumu zaidi ya saa mbili bila kupasuka.

James Lansdowne Norton alikuwa ameanzisha biashara yake Birmingham mwaka 1898, akitengeneza vipuri vya baiskeli. Alifariki mwaka 1925, kabla ya kuona injini iliyolipa jina lake uzito wa kweli. Injini hiyo, CS1 ya Walter Moore, ilitokea mwaka 1927, na Alec Bennett akaishinda nayo TT ya mwaka huohuo. Kilichokuwa kipya ni kemshafti kuwekwa juu ya kichwa cha silinda. Katika injini za kawaida za wakati ule, kemshafti ilikaa chini na kusukuma valvu kwa vijiti virefu; injini ikizunguka kasi sana vijiti hivyo huchelewa na valvu hazifungi kwa wakati. Kemshafti ya juu haina tatizo hilo. Ugumu ni kuupeleka mwendo huko juu, na Norton walitumia shafti ya wima yenye gia za meno ya mshazari katika kila ncha. Moore alipohamia NSU ya Ujerumani, Arthur Carroll aliichora upya injini hiyo chini ya usimamizi wa Joe Craig, mtu wa Ballymena, Ireland ya Kaskazini. Mpango wao wa shafti ya wima ndio uliobaki hadi Manx ya mwisho.

Craig hakuwa mvumbuzi. Alikuwa mtu wa kupunguza, kupima na kurudia, na kila msimu wa baridi aliifunga injini ileile kwenye mashine ya kupimia nguvu akitafuta farasi mmoja zaidi. Miaka ya 1930 ilikuwa ya Norton kwa kiasi cha kuchosha watazamaji, kwa madereva kama Stanley Woods, Jimmie Simpson na Jimmie Guthrie. Waliposhindwa ilikuwa habari. Mwaka 1935 Guthrie alikwisha kuanza kupewa pongezi za ushindi wakati Woods, ambaye sasa alipanda Moto Guzzi ya Italia, alipoingia na muda ulio bora kwa sekunde 4. Guthrie alikufa mwaka 1937 katika mashindano ya Ujerumani, kwenye njia ya Sachsenring. Mwaka uliofuata Harold Daniell, mtu mnene mwenye miwani ambaye jeshi baadaye lilimkataa kwa sababu ya macho, aliuzunguka mlima kwa wastani wa maili 91 kwa saa, rekodi iliyokaa miaka 12.

Sambamba na TT, kisiwani kulikuwa na mashindano mengine yaliyoanza mwaka 1923 kwa ajili ya watu wasiolipwa na kiwanda chochote. Mwaka 1930 yaliitwa Manx Grand Prix. Washiriki wake walikuwa wenye gereji, mafundi, wakulima na wafanyakazi wa ofisini, na Norton waliona kwamba hapo pana soko. Walianza kuuza pikipiki zilizoandaliwa kwa mahitaji ya Manx Grand Prix, na baada ya vita jina lote hilo lilifupishwa likabaki Manx. Vita vyenyewe vilikuwa vimekipa kiwanda kazi nyingine kabisa: karibu pikipiki 100,000 za jeshi, nzito na za polepole, ambazo zilifika kila mahali askari wa Uingereza walipopigana.

Manx za mwanzo za baada ya vita zilikuwa na injini bora kuliko fremu. Fremu hiyo, iliyotaniwa kwa jina la geti la bustani, ilikuwa na springi za nyuma zenye mwendo mfupi, ilikuwa nzito, na ilikuwa na tabia ya kuvunjika. Dawa ilitoka Belfast. Rex McCandless na ndugu yake Cromie walikuwa mafundi wasio na elimu rasmi ya uhandisi, waliopenda mbio na waliokerwa na pikipiki zisizoshika barabara. Walichora fremu ya mabomba mawili, kila moja likizunguka kutoka shingo ya usukani hadi nyuma na kurudi, yakipishana shingoni, pamoja na mkono wa nyuma unaoyumba na shokapu mbili. Ilikuwa nyepesi, na ilikataa kupinda. Iliposhindaniwa kwa mara ya kwanza, Aprili 1950 huko Blandford, Geoff Duke alishinda. Daniell alipoijaribu alisema ni kama kukalia godoro la manyoya, na watu wakaibatiza Featherbed kuanzia hapo. Mwezi Juni Norton ilichukua nafasi tatu za kwanza katika mbio za cc 350 na pia za cc 500 kisiwani.

Duke angekuwa bingwa wa dunia wa cc 500 mwaka huo kama si matairi. Ngozi za matairi yake zilibanduka Ubelgiji na Uholanzi, na akakosa taji kwa alama moja. Mwaka 1951 alitwaa mataji mawili pamoja, la 350 na la 500, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya. Baada ya hapo hesabu iliwakataa Waingereza. Gilera ya Italia ilikuwa na silinda nne, na fremu nzuri hufika mahali isiweze tena kufidia nguvu. Mwaka 1953 Duke mwenyewe alihamia Gilera. Nafasi yake ilichukuliwa na Ray Amm wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ambaye alishinda mbio zote mbili kubwa za TT mwaka 1953 kwa ujasiri uliowatisha hata mafundi wake. Mwisho wa mwaka 1954 kiwanda kiliacha kushindana na pikipiki zake maalumu. Amm alijiunga na MV Agusta ya Italia na akafa Imola katika mbio zake za kwanza nao. Craig alistaafu.

Katika vitabu vingi vya historia ya mbio, hapo ndipo Norton inapotoweka jukwaani. Kwa mtazamo wa mtu mwenye gereji, hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga. Manx ya kununuliwa iliendelea kutengenezwa, ikiboreshwa kidogo kila mwaka, na kwa kuwa hapakuwa tena na pikipiki maalumu za kiwanda, mnunuzi alipata kilicho bora kabisa. Uwanja wa kuanzia mbio wa Ulaya wa mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa na MV Agusta moja au mbili mbele na safu ya Manx nyuma yake, pamoja na wenzake wa karibu, AJS 7R na Matchless G50. Waliozipanda walitoka Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Rhodesia na Uingereza yenyewe. Waliishi ndani ya magari ya mizigo, wakilala pembeni ya pikipiki, wakihama kutoka mji mmoja hadi mwingine kufuata ada waliyolipwa na waandaaji kwa kujitokeza tu. Injini ilifunguliwa usiku kwenye nyasi, ringi na springi zikabadilishwa, na asubuhi ikaingia mbioni. Gary Hocking wa Rhodesia alianzia huko kabla ya kuwa bingwa wa dunia na MV Agusta mwaka 1961.

Wengine walimpelekea injini mtu mmoja wa Uingereza kati ya wachache walioaminika. Steve Lancefield alikuwa mmoja, Bill Lacey na Ray Petty wengine. Francis Beart, ambaye pikipiki zake zilijulikana kwa rangi ya kijani hafifu, alikuwa na uadui wa kudumu na uzito: alitoboa, alikata na alibadili chuma kwa alumini popote alipoweza. Mbinu za mabwana hao zilikuwa siri za biashara, na sehemu ya kazi ya warekebishaji wa leo ni kuzifumbua kwa kupima vipuri walivyoviacha.

Manx ilipata ushindi wake mkubwa wa mwisho kisiwani mwaka 1961. Phil Read alishinda mbio za cc 350. Katika zile za cc 500, Hocking aliongoza kwa MV Agusta hadi kishikizo cha mafuta kilipoanza kukwama, na Mike Hailwood akapita kwa Manx iliyoandaliwa na Lacey, akimaliza mizunguko sita kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Hakuna pikipiki ya silinda moja iliyokuwa imewahi kushinda TT kwa wastani huo. Mwaka 1962 kazi Bracebridge ilifungwa, Norton ikahamishiwa London kwa wamiliki wake, na Manx haikuhama nayo. Zilizokuwepo ziliendelea kukimbia. Jack Ahearn wa Australia alishinda mashindano ya Finland mwaka 1964, na mwaka 1969, huko Opatija, Yugoslavia, Godfrey Nash alishinda duru ya ubingwa wa dunia ya cc 500 juu ya pikipiki ambayo kiwanda kilikuwa kimeisahau miaka saba.

Kuna sababu nyingine inayofanya Manx kamili iwe adimu, nayo ilitoka kwa watu wa magari. Baada ya vita Waingereza walibuni mbio za magari madogo yenye injini ya cc 500, ambazo mwaka 1950 zilitambuliwa kimataifa kama Formula 3. Charles na John Cooper wa Surbiton walitengeneza magari hayo kwa wingi, na injini iliyoshinda nyingine zote ilikuwa ya Manx. Norton hawakutaka kuuza injini peke yake. Aliyeitaka alilazimika kununua pikipiki nzima, kung'oa injini na kubaki na fremu isiyo na kazi. Fremu hizo za Featherbed, bora kuliko zote za wakati wake, ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Vijana walizifunga injini ya silinda mbili ya Triumph, wakapata pikipiki ya mtaani iliyoitwa Triton, wakaenda kuionesha Ace Cafe, kando ya barabara kuu kaskazini-magharibi mwa London. Pikipiki moja ya kiwanda cha Norton ingeweza hivyo kuishia sehemu mbili: moyo kwenye gari la Cooper, mifupa chini ya kijana wa koti la ngozi.

Matokeo yake yanaonekana kila Manx inapouzwa leo. Namba ya injini na namba ya fremu zilizotoka kiwandani pamoja mara nyingi hazipo tena pamoja. Injini ilirudi kutoka kwenye gari, ikapata fremu ya pikipiki nyingine. Gia boksi likatoka kwenye ya tatu, breki kwenye ya nne. Pikipiki iliyoshiriki mbio miaka 10 ilikuwa imebadilishwa kila wiki kwa kile kilichopatikana. Swali la uhalisi, ambalo katika magari ya kale hujibiwa kwa karatasi, hapa halina jibu la mkato, na daftari za kiwanda zinazotunzwa na vilabu humaliza mabishano mengine na kuanzisha mengine.

Mwisho wa miaka ya 1960 Manx zote zilikuwa za bei rahisi. Yamaha walikuwa wakiuza pikipiki ndogo za mbio za injini ya mipigo miwili zilizokuwa nyepesi, zenye kasi na zisizohitaji fundi bingwa, na mwenye Manx aliyekuwa na akili aliiuza. Colin Seeley, dereva wa pikipiki za gari la pembeni aliyegeuka mtengenezaji, alinunua mwaka 1966 haki na vipuri vya mbio vya AJS, Matchless na Norton. Sehemu ya Manx aliiuzia John Tickle, kutoka kwake ikaenda Unity Equipe, na katika miaka ya 1990 ikafika kwa Andy Molnar. Kila mkono ulipokea michoro, mifano ya kusubia na masanduku ya vipuri visivyotumika. Mlolongo huo mkavu wa biashara una uzito zaidi kuliko ushindi wowote. Bila michoro, fundi hubaki kupima kipuri kilichochakaa na kukisia kilivyokuwa kipya.

Mapenzi ya kutunza pikipiki kuukuu yalikuwa yamekwisha kupata chombo chake. Mwaka 1946, petroli ikiwa bado kwa mgao, C. E. Allen, aliyejulikana kama Titch, aliwakusanya watu wachache kwenye kilima cha Hog's Back, karibu na Guildford, wakaanzisha Vintage Motor Cycle Club. Walipokea pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1931 tu. Kwa waasisi hao Manx ilikuwa pikipiki ya kisasa isiyowahusu. Ilipokuwa ya kale nayo, miaka ya 1970, mbio za vilabu ziliipa nafasi, na mwaka 1983 Manx Grand Prix, yaleyale mashindano ya watu wasiolipwa yaliyoipa jina, yaliongeza mbio maalumu za pikipiki za zamani. Marekani ilipata chama chake cha mbio za aina hiyo, AHRMA, katika miaka ya 1980. Tangu 1998 mashindano ya Goodwood, kusini mwa Uingereza, yamezileta mbele ya umati wa watu waliovalia nguo za miaka ya 1950, maonesho ambayo baadhi ya wenye pikipiki huyadharau na karibu wote huyaombea mwaliko.

Kazi ya fundi anayeikarabati Manx huanzia kwenye makasha ya krenki. Yamesubiwa kwa aloi ya magnesi, madini yaliyo mepesi kuliko alumini kwa karibu thuluthi moja, na hapo ndipo balaa ilipo. Magnesi huliwa na unyevu na chumvi. Pale rangi ya kinga ilipokwanguka, chuma hugeuka unga mweupe, na kasha lililokaa miaka 30 kwenye banda la pwani linaweza kutobolewa kwa bisibisi. Nyufa huzibwa kwa kuchomelea ndani ya gesi ya agoni, kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia, maana vumbi na vipande vya magnesi hushika moto na maji huuzidisha. Makasha yaliyokufa kabisa hubadilishwa kwa mapya yaliyosubiwa kufuata michoro ya zamani.

Krenki ina magurudumu mazito mawili yaliyoshikwa pamoja na pini moja, na juu ya pini hiyo konrodi huzunguka kwenye roli za beringi. Fundi huifunga kwenye ncha za mashine ya kukerezea, huizungusha taratibu na kusoma geji ya saa, kisha hugonga gurudumu kwa nyundo ya shaba mpaka sindano isicheze zaidi ya sehemu chache za mia za milimita. Krenki isiyonyooka haitadumu. Baada ya hapo huja shafti ya wima na gia zake za mshazari, mahali panapomtenga fundi wa kweli na mwenye shauku tu. Pengo la meno hurekebishwa kwa vishimu vyembamba kama karatasi. Meno yakibana, hulia na kulana. Yakilegea, hugonga na majira ya valvu huhama. Chuma kikipata moto hutanuka na pengo hubadilika, hivyo kipimo cha baridi hakitoshi. Injini hufungwa, hupimwa, hufunguliwa na kufungwa tena, na hakuna njia ya mkato.

Juu kabisa, springi za valvu zina umbo la pini ya nywele na ziko wazi kwenye upepo, ili zipoe na zibadilishwe haraka. Mafuta hutoka hapo, na yakitoka humrukia dereva magotini na tairi la nyuma. Manx isiyovuja huenda haina mafuta ndani. Mafuta yenyewe kwa wengi bado ni ya mbarika, yaleyale ya mbegu ya mnyonyo, kwa kuwa hushikilia chuma vizuri katika joto kali. Harufu yake tamu ikichomeka ndiyo harufu ya mbio za zamani. Lakini mafuta ya mbarika huganda yakikaa, na yakichanganywa na oili ya kawaida ya madini huleta matope ndani ya injini, kwa hiyo anayebadilisha kutoka moja hadi nyingine hulazimika kufungua na kusafisha kila njia.

Fremu ni ya mabomba ya Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdeni, yaliyoungwa kwa shaba badala ya kuyeyushwa yenyewe kwa yenyewe. Shaba huunga kwa joto la chini na huacha bomba na nguvu zake. Fundi asiyejua hilo, akichomelea ufa kwa njia ya kawaida, huondoka na ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Tenki na kidumu cha oili ni vya alumini ya kugongwa kwa mkono, na rangi ya kiwanda ilikuwa ya fedha yenye mistari myembamba myeusi na myekundu.

Hapa hutokea ugomvi wa zamani kati ya wanaokarabati ili kuonesha na wanaokarabati ili kukimbia. Kwenye maonesho ya uzuri wa magari na pikipiki, kama yale ya Nairobi, majaji hutafuta vumbi kwenye mashimo ya nati. Huo ni ustadi halali, lakini kwa pikipiki ya mbio una upungufu: Manx haikuwahi kuwa safi kiasi hicho hata siku ilipotoka kiwandani, na mng'aro mwingi hufuta alama za waya wa usalama, mikwaruzo na matundu ya kupunguza uzito ambayo ndiyo historia yenyewe. Wala kuiweka ndani hakuilindi. Septemba 2003 moto uliunguza mamia ya pikipiki katika jumba la makumbusho la pikipiki karibu na Birmingham, na nyingi zilirudishwa kutoka kwenye majivu na mafundi walewale waliozoea kuzitengeneza kwa ajili ya mbio.

Anayeipanda hukuta mambo yote yamegeuzwa. Gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume na pikipiki za leo, na gia ya kwanza iko juu. Mtu aliyezoea pikipiki ya kawaida akiogopa kidogo tu hukanyaga gia akidhani ni breki. Bomba la moshi lina mdomo mpana kama tarumbeta, linalosaidia injini ikizunguka kasi na kuikaba ikizunguka polepole, hivyo katika kona kali dereva hushikilia klachi nusu ili injini isishuke chini ya mahali inapovuta. Nguvu ya ile ya cc 500 ni kama farasi 50, si nyingi kwa viwango vya leo. Breki ndizo zinazomfundisha adabu. Ni za ngoma, hupungua zikipata moto, na kwenye mteremko wa Snaefell anayezitumia kwa pupa hufika chini bila kitu. Dereva mzuri wa Manx hafungi breki sana. Huingia konani na kasi aliyonayo na kuiamini fremu.

Hatari haikuzeeka pamoja na pikipiki. Njia ya kisiwa imeua zaidi ya watu 250 tangu 1911, na wengine wao walikufa katika mbio za pikipiki za zamani, wakiwa wazee wenye ujuzi juu ya mashine zilizotunzwa vizuri. Waandaaji hukagua kila nati iliyofungwa kwa waya, lakini ukuta wa mawe haujali mwaka wa kutengenezwa kwa pikipiki.

Nyingi za Manx zinazoshindana leo si za kale. Karakana ya Molnar na nyingine chache husubu makasha mapya, hutengeneza krenki, hugonga matenki na kuuza pikipiki nzima, na kutoka nje ni fundi pekee anayeweza kuitofautisha. Ndani mna mabadiliko: pistoni pana yenye mwendo mfupi zaidi, moto wa elektroniki badala ya magneto, gia sita badala ya nne. Injini kama hiyo hutoa nguvu ambayo Craig hakuipata kwa miaka 25 ya kutafuta. Vilabu vimegawanyika. Vingine hukubali kipuri kipya mradi umbo na kipimo ni vya zamani, vingine hudai chuma cha zamani chenyewe, na vingine huweka kundi la nakala peke yake. Wenye Manx halisi, kwa sehemu kubwa, wamezikaribisha nakala hizo, kwani karakana inayouza pikipiki mpya ndiyo inayomudu kusubu makasha na kukata gia wanazohitaji kwa ajili ya zile za kale. Wengi wao hutoa injini ya asili, huihifadhi kavu na yenye mafuta, na kufunga nakala siku ya mbio. Namba iliyogongwa kiwandani hubaki nyumbani kwenye rafu, na pikipiki huenda uwanjani na injini ambayo ikipasuka itanunuliwa nyingine.